Betri mbili mpya, na gari bado linasema "tka"

Swali: "Salaam aleikum fundi. Nina Probox ya mwaka 2009, gia otomatiki. Nachukua samaki Ngomeni alfajiri na kuwapeleka Malindi. Tangu kusi ianze, gari linanisumbua. Asubuhi nikipiga stata linasema 'tka' moja tu, kisha kimya. Nikijaribu mara ya tano au ya sita linawaka kama halikuwa na neno. Ikinyesha usiku, stata inazunguka kwa uvivu lakini injini haishiki mpaka jua litoke. Nimenunua betri mbili ndani ya mwaka mmoja, stata imefunguliwa mara moja, na sasa fundi anataka nibadilishe koili zote nne. Nifanyeje?" – Mchuuzi wa samaki, Mambrui

Waaleikum salaam dada yangu, na pole kwa alfajiri hizo. Samaki hawangoji fundi.

Koili zisubiri. Probox yenye injini ya lita 1.5, ile iitwayo 1NZ-FE, ina silinda nne, na kila silinda ina koili yake, kifaa kinachopandisha volti ili plagi itoe cheche, iliyokaa juu ya plagi yake. Koili moja ikifa, gari bado linawaka kwa silinda tatu zilizobaki. Litatetemeka, litakosa nguvu, na taa ya injini itawaka kwenye dashibodi, lakini litawaka. Ili gari likatae kabisa kushika kwa sababu ya koili, ingebidi zote nne zife usiku mmoja, kisha zote nne zifufuke jua likitoka. Sijaliona jambo hilo tangu nianze kushika spana hapa Malindi. Kinachozimisha silinda nne kwa pamoja ni kitu kimoja ambacho zote nne zinakitegemea. Hicho ndicho cha kutafutwa.

Umeeleza vizuri kuliko wengi wanaoniletea magari. Neno "tka" na neno "uvivu" yameniambia mengi. Gari linalokataa kuwaka hutoa sauti, na sauti hiyo ndiyo kipimo cha kwanza, tena cha bure. Likisema "tka-tka-tka-tka" upesi upesi kama cherehani, mara nyingi betri imeisha moto. Likisema "tka" moja nzito halafu likanyamaza, swichi ya stata imevutwa lakini umeme mkubwa haukufika kuzungusha mota. Likikaa kimya kabisa, bila hata hiyo "tka", tunatazama swichi ya funguo, fyuzi, alamu, au gia. Stata ikizunguka kwa kasi yake ya kawaida na injini isishike, hapo ndipo maneno ya plagi, koili na mafuta yanapoanza. Yako inazunguka kwa uvivu, na hilo ni jambo jingine.

Tuanze na "tka" moja, maana hapo ndipo pesa zako zimepotelea.

Stata ya gari dogo la petroli huvuta zaidi ya ampea 100 inapoanza kuzunguka. Taa ya ndani ya gari haivuti hata ampea moja. Kwa hiyo mtu akikwambia "betri ni nzima, tazama taa zinawaka", hajakwambia kitu. Wewe unaishi karibu na bahari, utanielewa nikisema hivi: mlango wa bahari uliojaa mchanga, mtumbwi unapita bila shida, lakini jahazi lenye shehena linakwama. Umeme wa taa ni mtumbwi. Umeme wa stata ni jahazi. Kutu kidogo kwenye maungio ya nyaya inapitisha taa na redio vizuri kabisa, na inazuia stata. Kwa hesabu, ungio lenye ukinzani wa omu 0.02 tu, likipitisha ampea 150, linakula volti 3. Betri inatoa umeme wake kwa ukamilifu, na stata inapokea mabaki.

Sasa fikiria gari lako linalala wapi na linabeba nini. Ukipita Gongoni unaona mabwawa ambamo maji ya bahari yanaachwa jua liyakaushe ibaki chumvi. Kwenye nyaya zako inafanyika kazi hiyohiyo kwa kipimo kidogo. Upepo wa bahari unabeba matone, matone yanakauka juu ya chuma, chumvi inabaki. Usiku hewa inapojaa unyevu, chumvi ile inavuta maji tena, na panapokutana shaba, risasi na chuma katika unyevu wa chumvi, kimoja kinaliwa. Mvua ya kusi inaongeza yake. Halafu kuna maji ya barafu ya samaki, yaliyochanganyika na chumvi na damu, yanayochuruzika chini ya zulia la nyuma ambako zinapita nyaya za taa na za pampu ya mafuta. Gari la Nairobi lina miaka mingi ya kufika mahali lako linapofika kwa miaka michache.

Kwa hiyo nataka upime kabla ya kununua. Tafuta mita ndogo ya dijitali ya kupimia umeme. Maduka ya vifaa vya umeme mjini yanayo, na bei yake haifiki popote karibu na ya betri ya tatu. Ukiwa na mtu mmoja wa kukupigia stata, vipimo vyenyewe havikuchukui robo saa.

Asubuhi kabla ya kufungua chochote, pima betri yenyewe. Betri iliyojaa inasoma volti 12.6 hivi. Ikisoma 12.4 imebaki kama robo tatu, 12.2 ni nusu, na ikiwa chini ya 12 usiendelee, ipelekwe ikachajiwe kwanza maana majibu mengine yote yatakudanganya. Kisha acha mita ikiwa imegusa vichwa vya betri, mwenzio apige stata. Betri nzima haishuki chini ya volti 9.6 au karibu na hapo wakati stata inazunguka. Ikianguka mpaka 8 au 7, betri ni dhaifu ingawa asubuhi ilisoma vizuri. Na ikiwa gari linasema "tka" huku mita imeganda pale pale kwenye 12, dada yangu, betri haina kosa lolote: umeme haupiti njia yake.

Kipimo cha tatu ndicho ninachokipenda kuliko vyote, na ndicho mafundi wengi wanakiruka. Weka ncha moja ya mita juu ya kichwa hasi cha betri, kwenye risasi yenyewe wala si kwenye kibanio. Ncha ya pili iguse chuma kisafi cha injini. Mwenzio apige stata. Mita inatakiwa isome karibu na sifuri, isizidi volti 0.2 au 0.3. Ikisoma volti nzima au zaidi, waya hasi unaokwenda kwenye bodi na injini, ule tunaouita athi, umekufa au maungio yake yamekufa. Rudia upande wa chanya: kutoka kichwa chanya cha betri mpaka bolti nene ya stata, isizidi volti 0.5. Hapo utajua umeme unaibiwa upande gani, bila kubahatisha na bila kufungua kitu.

Nilipata kuletewa pikapu kutoka Watamu iliyokuwa imekula betri tatu. Mwenyewe alikuwa amekata tamaa, anataka kuiuza. Waya wa athi kwa nje ulikuwa mzuri, plastiki nyeusi inang'aa. Nilipoukunja karibu na kibanio ukatoa mlio kama wa mchanga. Tulipoupasua, ndani hamkuwa na shaba ila unga wa kijani, na nyuzi chache tu zilizobaki hai. Nyuzi hizo zilitosha kwa taa na honi. Waya mpya mmoja ukamaliza hadithi, na betri ya tatu alikuwa nayo bado ikifanya kazi nilipomwona mwaka uliofuata. Mpaka leo nikiona gari la pwani lenye betri mpya na tatizo la zamani, mkono wangu unakwenda kwenye waya wa athi kwanza.

Kusafisha unaweza kujifanyia mwenyewe. Zima gari, ondoa ufunguo. Kwa spana namba 10 fungua kibanio cha hasi kwanza, halafu cha chanya. Wakati wa kurudisha, chanya kwanza na hasi mwisho. Mpangilio huo una sababu: ukianza na chanya na spana ikagusa bodi, utaona cheche kubwa, na betri hutoa gesi ya haidrojeni inayoweza kulipuka usoni. Kama kuna unga mweupe au wa kijani, koroga magadi kidogo katika maji ya uvuguvugu, sugua kwa mswaki wa zamani, suuza kwa maji baridi yasiyo ya chumvi, kausha. Usiruhusu maji hayo ya magadi yaingie ndani ya betri. Kisha piga msasa vichwa na ndani ya vibanio mpaka vionekane vinang'aa. Fuata waya wa hasi mpaka unapofungwa kwenye bodi, na ule mwingine unaounganisha injini au gia boksi na bodi. Fungua bolti zake, piga msasa chuma kwa chuma, kaza. Grisi ipakwe baada ya kukaza, juu, iwe koti la kuzuia hewa ya bahari. Waya ukiwa mgumu au ukilia ukikunjwa, usiusafishe. Badilisha, tena kwa waya mnene wa kutosha.

Ikiwa vipimo vyote vya nyaya ni vizuri na "tka" bado ipo, tunarudi kwenye stata. Umesema ilifunguliwa, lakini hukusema kilibadilishwa nini, na hilo ndilo swali la kumuuliza fundi wako. Ndani ya stata kuna brashi za kaboni zinazolika kwa miaka, na kwenye solenoidi, ile swichi ya stata inayosema "tka", kuna vipande viwili vya shaba ambavyo hugongwa kila unapowasha gari. Vikilika upande mmoja, solenoidi inavuta, unasikia "tka", lakini shaba hazigusani sawasawa. Ukijaribu tena na tena kuna siku zinagusana, na gari linawaka kwenye jaribio la tano. Hiyo ni tabia ya gari lako kabisa, kwa hiyo siwezi kuiondoa stata kwenye orodha. Ila vipande hivyo vinauzwa peke yake na ni rahisi. Mtu akikutaka ununue stata nzima, mwombe akuonyeshe kwanza kilicholika.

Sasa huo ugonjwa wa pili, wa usiku wa mvua. Kama stata ingekuwa inazunguka kwa kasi, ningesema ni ugonjwa mwingine kabisa. Lakini inazunguka kwa uvivu. Kompyuta ya gari na koili zinatumia betri ileile. Stata inapovuta kwa shida kupitia maungio yenye kutu, volti za gari zima zinaanguka, na zikianguka mno, cheche ya plagi inakuwa dhaifu au kompyuta inashindwa kufanya kazi yake katika sekunde hizo. Koili inatakiwa kupandisha volti 12 mpaka makumi ya maelfu ili cheche iruke pengo la plagi. Ikipewa 7, haina cha kupandisha. Kwa hiyo magonjwa yako mawili huenda ni mmoja, na athi ile ile ndiyo mama yao. Safisha kwanza, kisha tazama kama mvua bado inakushinda.

Ikiwa baada ya hapo stata inazunguka kwa nguvu na injini bado haishiki, ndipo tunaingia kwenye plagi. Zitolewe zote nne, zipangwe kwa mfuatano wa silinda zake. Plagi nzima ina rangi ya kahawia hafifu au kijivu kwenye ncha. Nyeusi na kavu kama masizi ya jiko, mafuta yanachomwa mengi kupita kiasi au cheche ni hafifu. Ikilowa petroli, mafuta yanafika lakini cheche haipo. Ikiwa kavu kabisa baada ya kupigwa stata kwa muda, shaka inahamia kwenye mafuta: pampu, relei yake, fyuzi, au petroli yenye maji. Plagi za kawaida za injini hii pengo lake ni milimita 1.1, pengo likishakuwa pana kwa kulika, kuwaka asubuhi kunakuwa kugumu. Plagi za bei nafuu mno, zilizoandikwa jina la kampuni kubwa kwa herufi zisizonyooka, naomba uziache dukani.

Na usioshe injini kwa mashine ya presha. Najua gari la samaki linanuka na vijana wa kuosha magari wanataka kukuridhisha, lakini maji yale yanasukumwa mpaka kwenye visima vya plagi, yanakaa chini ya koili, na siku mbili baadaye unaambiwa koili zimekufa. Mwambie aoshe chini ya gari kwa maji baridi kadiri apendavyo, na hilo ni zuri kwa chumvi. Juu ya injini afute kwa kitambaa.

Kuna sensa inayosoma mzunguko wa injini, sensa ya krenki, ambayo ikifa kompyuta haijui wakati wa kupiga cheche na silinda zote nne zinanyamaza pamoja. Mashine ya kusoma kompyuta huonyesha kosa hilo mara nyingi. Gharama ya kusomewa ni ndogo ukilinganisha na koili nne, kwa hiyo mwombe fundi akuonyeshe kosa aliloliona kwenye kioo cha mashine kabla hujakubali kununua chochote.

Jingine ni alamu. Magari mengi yaliyoagizwa yamefungwa alamu au kifaa cha kufuatilia gari baada ya kufika, na aliyefunga mara nyingi alikata waya wa stata au wa pampu, akausokota na kuufunga utepe. Pwani, msokoto huo unaoza ndani ya utepe bila kuonekana. Kama gari linakaa kimya kabisa siku nyingine, msokoto huo uwe wa kwanza kutazamwa. Vilevile vifaa hivyo vinakunywa betri usiku kucha. Gari lililozimwa lisivute zaidi ya miliampea 50. Hata hizo 50, kwa siku nzima ni ampea-saa 1.2, na betri ndogo ya NS40 ina kama 35 tu. Ukiliacha gari siku kumi, theluthi ya moto imekwenda. Kifaa kibovu kinavuta mara kadhaa ya hapo, na betri mpya inakufa mapema huku muuza betri akilaumiwa bure.

Mambo madogo: likikaa kimya likiwa kwenye P, jaribu kwenye N, maana gari la otomatiki lina swichi inayozuia stata mpaka gia iwe mahali pake, na swichi hiyo huchoka. Kama ufunguo umebeba furushi zima la funguo za nyumba na za duka, lipunguze, uzito huo unalegeza swichi ya funguo. Na altaneta, ile inayochaji betri injini ikiunguruma: gari likiwaka, mita kwenye betri isome kati ya 13.8 na 14.5 hivi. Chini ya 13, betri haichajiwi. Zaidi ya 15, inachemshwa, na joto la Malindi peke yake linaitosha.

Hapa naomba unisikilize sana. Kuna mtindo wa kupima altaneta kwa kuvua kibanio cha betri wakati injini inaunguruma: likizima, altaneta mbovu, lisipozima, nzima. Fundi akitaka kukufanyia hivyo, mzuie kwa adabu lakini mzuie. Betri ndiyo inayotuliza volti za altaneta. Ukiivua ghafla, volti zinaruka juu sana kwa kitambo kidogo, na kitambo hicho kinatosha kuunguza kompyuta ya gari. Mtindo huo ulivumilika zama za kabureta. Kwa gari lako ni hasara tupu.

Gari la otomatiki halisukumwi, kwa hiyo likikataa Ngomeni utaazima moto. Waya mwekundu kwenye chanya ya betri yako, kisha kwenye chanya ya mwenzio. Mweusi kwenye hasi ya mwenzio, na ncha yake ya mwisho si kwenye betri yako bali kwenye chuma kisafi cha injini yako, mbali na betri. Usipige stata zaidi ya sekunde kumi kwa mkupuo; iache nusu dakika ipoe. Na tazama hili kwa makini: kama umeazima moto wa gari zima lenye betri nzuri na bado linasema "tka" moja, hapo umeshajijibu kwamba betri yako haikuwa na kosa.

Kwa upande wa samaki, weka trei ya plastiki yenye kingo ndefu chini ya makreti, na mwisho wa wiki inua zulia la nyuma, futa kwa maji baridi, liache gari wazi likauke. Usiku liegeshe nyuma ya nyumba, si upande unaotazama bahari.

Ukishapima niandikie tena, unipe namba tatu: betri asubuhi kabla ya kuwasha, betri wakati stata inapigwa, na ile ya kati ya kichwa hasi na injini. Nipe na jibu la fundi kuhusu alichobadilisha ndani ya stata. Nikishazipata nitakwambia kama ni waya, betri au shaba za solenoidi, na fundi wako mwambie koili ni baada ya hapo.